Vitabu vya Ermes

Mume wangu Ermes aliniahidi nyumba. Haikuwa nyumba mpya wala ya fahari. Ilikuwa nyumba ya mama yangu kule Comacchio, kando ya mfereji, ambayo mimi na dada yangu Norma tuliachiwa mama alipofariki. Paa lake lilianza kubonyea tangu enzi hizo. Norma anaishi ng'ambo ya mfereji, na kila mvua kubwa iliponyesha alinipigia simu kunieleza ni kigae gani kimeanguka na kimeangukia wapi, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nami nilipomfikishia Ermes habari hizo, jibu lake lilikuwa lilelile, akilitoa huku anamenya chungwa baada ya chakula cha Jumapili.

"Vumilia, Zaira. Mimi nikifa, uza vitabu vyote, usibakize hata kimoja. Utaezeka nyumba ya mama yako na chenji itakayobaki utanunulia mashua."

Nilimwamini. Mtu akikuahidi jambo mwaka nenda mwaka rudi bila kubadili hata neno, utaacha kumwamini kwa sababu gani? Na sikuwa naomba makubwa. Nilitaka nizeekee pale nilipozaliwa, niamke nisikie watu wanaongea kwa lafudhi ya mama yangu, na siku yangu ikifika niwe natazama maji, si ukuta wa jirani. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani, na Ermes alikijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa niseme habari za vitabu vyenyewe. Ferrara, mji tuliokuwa tumepanga nyumba, ndipo ulipotungwa ule utenzi mrefu wa mashujaa wapanda farasi, wenye mabinti wanaokimbilia msituni na wachawi wasiochoka kuwasumbua. Huku kwetu kila mtoto hulazimishwa kukariri beti zake shuleni, na wengi wakishamaliza shule huzisahau kwa furaha kubwa. Ermes hakuzisahau. Alikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha sukari, na mshahara wake, ukishatoa kodi na chakula, ulikwenda kununulia matoleo ya kale ya utenzi huo, yale yenye picha. Alikuwa nayo ya zamani kabisa, yaliyopigwa chapa Venisi, picha zake zimechongwa kwenye ubao na hazizidi kiganja cha mkono, kila kisa na picha yake. Alikuwa nayo na ya baadaye, makubwa kama trei, picha zake zimechorwa kwenye mabamba ya shaba, farasi wake wamenona kuliko ng'ombe wa maonyesho ya kilimo.

Msidhani alikuwa anavisoma. Utenzi wenyewe aliusoma chooni, katika kile kitabu chake cha shule kilichochanika jalada. Vile vya thamani vilifunguliwa mchana tu, dirisha likiwa na mwanga wa kutosha, baada ya kunawa mikono na kuikausha mpaka kwenye kucha. Alitazama picha moja, akavuta pumzi, akafunga. Chumba kilichowekwa kiwe cha mtoto kikawa cha vitabu. Mtoto hakuja, na hilo sitaki kulizungumza.

Mimi ni mtu wa Comacchio, nimelelewa na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Nikiwa msichana nilifanya kazi ya kuwabanika mbele ya moto mkubwa kiwandani kabla hawajatiwa siki. Lakini katika jiko langu mwenyewe nilipigwa marufuku kukaanga mkunga. Mafuta yake, alisema Ermes, hupanda hewani, husafiri ukumbini na kwenda kutua kwenye karatasi. Basi nikawa nakula mkunga kwa Norma, mara moja moja, kama mwizi. Wakati wa baridi kile chumba hakikuwashwa moto, kwa hiyo na ukumbi ukawa wa baridi, na mimi nikazoea kuvaa koti ndani ya nyumba. Nilizoea mengi. Wenzangu walikuwa na waume walevi na waume wepesi wa kupiga, nami nilijiambia kwamba wangu angalau yuko nyumbani.

Aliyekuwa akija kutazama vitabu alikuwa mtu mmoja tu, Learco Finotti, mstaafu wa posta, mwembamba, mwenye masharubu ya njano kwa sigara. Naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Wawili hao walipendana na kuchukiana kama mapacha. Learco alikuja kila Jumamosi, akaniita shemeji, akanipa keki ndogo kutoka duka la kona, kisha akaingia chumbani na kuanza uchokozi. Alikuwa na tabia ya kugonga ukurasa kwa ukucha na kuinamisha sikio, maana karatasi ya kale iliyooshwa kuondoa madoa hupoteza sauti yake. Kosa jingine baya kwao ni kitabu kilichopungukiwa na picha kikajaziwa picha ya kitabu kingine.

"Ermes, huyu farasi si wa hapa. Umemwiba zizini mwa watu."

"Tazama wako kwanza. Amekuja kwako bila mkia."

"Bila mkia, lakini ni wangu halali."

Walicheka mpaka wakakohoa. Mimi nilikuwa jikoni nawasikia, na nakiri kwamba saa zile nilimpenda Ermes, maana akicheka alikuwa kijana tena.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kazi hii wote wanaliogopa kuliko moto na panya. Serikali yetu ina sheria yake. Ofisi ya urithi ikigundua kwamba una mkusanyo wa maana, inaweza kukuletea tangazo kwamba mkusanyo wako ni mali ya fahari ya taifa. Utasema hiyo ni heshima. Tangu siku hiyo vitabu ni vyako, lakini huwezi kuviuza kimoja kimoja, huwezi kuvipeleka nje ya nchi, huwezi hata kuvihamishia nyumba nyingine bila ruhusa. Na wanunuzi wenye pesa wote wako nje. Kwa hiyo wakusanyaji hujificha. Hawaonyeshi, hawajisifu, wakikopesha kitabu kwenye maonyesho jina lao haliandikwi. Wakimwona mtu wa ofisi ile barabarani wanavuka upande wa pili. Na mtu akitaka kumwangamiza mwenzake, hamhitaji mganga. Ananong'ona tu pale ofisini.

Ermes alipoanza kuumwa mapafu, ndipo siku moja akaja mwanamke wa makamo, amevaa miwani ya kuning'inia kifuani, akajitambulisha kuwa ni Bi Ghirelli wa ofisi ya urithi. Nilitaka kumfungia mlango. Ermes akaita kutoka kitandani kwamba nimwache apite, haifai kumkatalia mtu wa serikali. Alikaa chumbani mle siku nzima, akarudi tena na tena, akipima na kupiga picha. Wiki chache baadaye tangazo likaja. Nilimsomea Ermes kitandani, na kila mstari niliousoma ulikuwa unang'oa kigae kwenye paa la mama yangu.

Ermes alifumba macho. Alisema kwa sauti ndogo, "Kuna mtu amesema."

"Ni nani?"

Hakujibu. Nikasema mimi, "Ni Learco. Nani mwingine anajua kilichomo mle ndani?"

Ermes aligeuza uso ukutani, nami nikachukua ule ukimya wake kuwa ndiyo. Learco alipokuja Jumamosi nilimwambia mgonjwa amelala. Jumamosi nyingine nikamwambia vilevile. Ermes alikuwa macho, alisikia kengele, alisikia uongo wangu, na hakusema kitu.

Akafa mwezi wa pili, ukungu umetanda hata kengele za kanisa zilisikika kama zimefunikwa blanketi. Makaburini walikuja watu wa kiwandani, jirani, na wale wapenda vitabu kutoka Bologna na Modena, wakiwa na makoti yao mazuri na macho yao ya kuhesabu. Learco alikuja naye, ameshika ua jeupe. Akaninyooshea mkono akasema, "Pole sana, shemeji."

"Usiniite shemeji," nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Ulikula keki mezani kwangu, halafu ukaenda kumchongea mwenzako kwa serikali akiwa kitandani. Umetia mchanga kitumbua changu, Learco. Ondoka hapa na ua lako."

Wale wa Bologna wakatazamana. Learco alishusha mkono, akaniangalia kwa muda, akaliweka ua chini juu ya majani, akaondoka. Siku ile niliona nimefanya jambo la haki. Baadaye nilisikia kwamba hakuna tena muuzaji wa vitabu vya kale aliyemfungulia mlango, kutoka kwetu mpaka Milano. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Siku niliyorudi kutoka makaburini nilikaanga mkunga. Nilifungua milango yote ya nyumba, nikaacha moshi uende utakako. Nililia huku nakula.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Lugano, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na mikono laini na alijua kila kitabu kabla hajakigusa. Alipokuwa anavifungua uso wake uling'aa, nami nikaanza kujiona nimekaa mlangoni Comacchio. Kisha nikamwonyesha tangazo, kwa kuwa sikutaka kumficha. Alilisoma, akafunga mkoba wake, akaniambia pole kwa dhati zaidi kuliko watu wa msibani. Wengine hawakufika hata mlangoni. Waliuliza kwa simu, wakakata. Nikaenda ofisi ya urithi kuuliza kama serikali, kwa kuwa inavipenda sana, itavinunua yenyewe. Wakaniambia hakuna fungu.

Masika Norma akapiga simu. Hakutaja kigae safari hii. Alisema upande wa chumba cha mama umeshuka wote, boriti imelala kitandani.

"Dada, kama unakuja, njoo," alisema. "Ukisubiri tena utakuta uwanja."

Nilimwambia nakuja. Lakini nilikuwa nakwenda vipi? Pensheni yangu ya ujane ilitosha kodi ya Ferrara au mafundi wa Comacchio, si vyote viwili. Nikihama, vitabu nitaviacha wapi? Nikaomba kibali nihame navyo. Ndipo Bi Ghirelli akaja kukagua, akakaa mezani kwangu, nikampa kahawa.

Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichosha. Aliniambia Comacchio haiwezekani, kuna unyevu wa maziwa, karatasi itaota ukungu. Akaniambia, samahani sana mama, lakini hata hapa amehisi harufu ya kukaanga, na mafuta huwa yanapanda hewani. Nilimtazama mdomo ukisema maneno hayo nikaona Ermes amefufuka akavaa miwani. Kwa hiyo mimi, niliyegombania nafasi na vitabu hivyo ujana wangu wote, sasa sheria imeniweka kuwa askari wa kuvilinda, tena bure.

Hasira ikanipanda nikamwuliza, angalau aniambie, Learco walimlipa au alinong'ona kwa hiari yake.

"Learco yupi, mama?"

"Finotti. Yule wa posta."

"Bwana Finotti hajawahi kukanyaga ofisini kwetu." Alionekana ameshangaa kweli. "Aliyekuja ni mzee mwenyewe."

"Mzee gani?"

"Mume wako, mama. Alikuja na baiskeli yake, kabla ugonjwa haujamlaza. Mara ya kwanza nilidhani ananitania, maana wenzake wakituona wanakimbia. Akarudi tena kuuliza mbona tunachelewa."

Nilisikia maji yanachemka jikoni na sikuinuka. Nikamwuliza alitoa sababu gani.

"Alisema akishakufa vitatawanyika. Wafanyabiashara watachana picha, wazitie kwenye fremu, wawauzie watalii. Alisema hawezi kufa na wazo hilo."

"Alisema nani atakayeviuza?"

Bi Ghirelli akatazama ndani ya kikombe chake. "Alisema wewe, mama."

Sijui aliondoka vipi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikaa pale mezani, na kilichonikata maini hakikuwa vitabu. Yalikuwa machungwa. Jumapili zote zile, anamenya, anacheka, ananiambia nitanunua mashua. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na mimi nikashukuru kwa kupakwa.

Kesho yake nilikwenda kwa Learco. Anaishi ghorofa ya juu karibu na ukuta wa mji, na nilipanda ngazi huku natafuta maneno ya kuomba msamaha. Alifungua mlango, akaniona, akasogea pembeni nipite. Hakuniita shemeji. Nyumba yake ilinuka sigara na gundi. Nikamwomba radhi nikiwa bado nimesimama, na alinipungia mkono kama mtu anayefukuza inzi, akasema hayo yamepita.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hajaenda. Alikuja kunitaka ushauri, akakaa hapo ulipo. Nikamwambia, Ermes, yule mwanamke umemwahidi nyumba. Kama unataka kuvinusuru, mwambie usoni, mwachie hata viwili kati ya vile vikubwa auze kwanza, ndipo uwaite hao. Alikataa. Alisema mkusanyo ukitolewa kimoja si mkusanyo."

"Na mimi je? Alisema nini juu yangu?"

Learco akataka kuwasha sigara, kiberiti kikakataa, akakiwasha tena. "Mtu akishakufa—"

"Alisema nini, Learco."

"Alisema, Zaira atazoea." Akapuliza moshi pembeni ili usinifikie. "Alisema, Zaira huwa anazoea."

Nikakaa chini. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza makaburini, mbele ya watu wale wote, akakubali kuharibiwa jina.

"Ningesema nini? Jeneza liko pale. Niseme si mimi, ni huyo mnayemzika? Nilimwahidi sitasema. Na wewe usingeniamini, ungenipiga na lile ua."

Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumpiga kweli. Maana alikuwa amemtunzia rafiki yake siri, na siri yenyewe ilikuwa mimi. Angeniambia mapema, Ermes akiwa hai, ningepigana naye. Ningepayuka, ningelia, ningebeba vile viwili vikubwa chini ya koti nikavipeleka Lugano mwenyewe. Nilimwambia hayo. Nikamwambia kwamba jina lake nimelichafua mimi na nitalisafisha mimi, nitampigia simu kila mmoja wa wale wenye makoti, lakini wao wawili walikaa wakanipangia maisha kama gunia la viazi, na kwa hilo sitamsamehe. Akaitika kwa kichwa. Simu nilizipiga kweli, kabla ya wiki kwisha. Wengine walicheka.

Ilibaki njia moja, na Bi Ghirelli alikuwa ameshanidokezea: kuvitoa zawadi kwa maktaba. Nikivitoa, siwajibiki tena. Naweza kufunga mlango na kwenda. Nilipomwambia nimekubali, alifurahi mpaka akanishika mikono. Akanieleza kwamba maktaba moja ya mjini ina chumba kizuri, kikavu, kinatazama bustani. Na hapo, kwa nia njema kabisa, akanimaliza.

"Mzee atafurahi alipo. Alikuwa ameshachagua maneno ya kibao cha mlangoni. Chumba cha Ermes Bonazza, mkusanyaji. Aliniandikia na aina ya herufi anayoitaka."

Ndipo nikaelewa hesabu nzima. Karani yule wa sukari alikuwa ameipiga mpaka mstari wa mwisho. Alijua mnunuzi hatapatikana. Alijua paa litashuka. Alijua nitachoka, na nikichoka nitavitoa bure, na vikitolewa bure yeye atapata mlango wenye jina lake. Maisha yake yote alijificha na vitabu vyake kama mtu mwenye kosa, na sasa, akiwa salama kaburini, alitaka watu waambiwe. Na mlipaji ni mimi.

"Nina sharti moja," nikamwambia Bi Ghirelli. "Jina lisiandikwe."

"Jina gani, mama?"

"Lake. Wala langu. Popote pale. Mlangoni, kwenye orodha, kwenye magazeti, kwenye mdomo wa mfanyakazi wenu. Siku jina hilo likionekana, zawadi imevunjika na mnirudishie vitabu."

Alivua miwani. Alijaribu sana, yule mama. Alisema mkusanyo bila jina ni kama mtoto aliyeokotwa. Alisema huenda ni hasira ya msiba, ningoje hadi mwisho wa mwaka. Akasema mwishowe, "Mama, utakuja kujuta."

"Nitazoea," nikasema.

Tukaandikiana kwa wakili. Walikuja vijana na masanduku ya mbao, wakavibeba vitabu kwa uangalifu ambao hakuna aliyewahi kunibebea hata kikapu cha sokoni. Chumba kikabaki na alama za rafu ukutani. Nilirudisha funguo kwa mwenye nyumba nikapanda basi kwenda kwetu.

Sasa niko Comacchio. Upande wa chumba cha mama tumeufunga kwa turubai, na upepo ukivuma linapiga kelele hadi mtu unajibu ukidhani umeitwa. Jiko na chumba kimoja ni vikavu. Norma ananiletea chakula na lawama kwa sahani moja. Maji nayatazama, kama nilivyotaka, ila siku za mvua nayatazama na ndani pia. Watu wananiuliza marehemu aliniachia nini, nami nawaambia aliniachia afya.

Wakati wa kiangazi maktaba ilifungua kile chumba. Norma alinisomea gazeti: zawadi kubwa kutoka kwa mtu asiyejulikana, moyo wa pekee, ukarimu wa aina yake. Pale kwenye duka la mikate watu walikuwa wanabishana ni tajiri gani wa Ferrara. Nilinunua mkate wangu nikaondoka. Nilidhani nitasikia utamu wa kulipiza. Niliusikia, kama siku mbili hivi.

Kisha, mwezi wa kumi, nilikwenda Ferrara kusafisha kaburi. Nilipomaliza nilikuwa na muda kabla ya basi, na miguu ikanipeleka maktaba. Naona aibu kusema, lakini nilimkumbuka. Yule mtu alinidanganya Jumapili baada ya Jumapili, na nilimkumbuka hadi kifua kinauma. Kaburini hakuwepo. Kaburini pana jiwe tu na picha ambayo hakuipenda. Nikafikiri nikiviona vitabu vyake, nikisikia ile harufu ya ngozi na vumbi tamu, nitakuwa nimemwona na yeye, hata kama ni kwa kumtukana.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Kibao chake kilisema Vitabu vya Kale tu. Kijana wa mapokezi, msafi, mwenye adabu, aliniuliza kama ni mtafiti. Nikasema hapana. Akauliza kama nina barua ya chuo kikuu. Nikasema sina. Akaeleza kwamba vile ni adimu sana, havionyeshwi kwa kila anayepita, ila kama mtu ana sababu maalumu anaweza kumwita msimamizi.

"Una uhusiano wowote na vitabu hivyo, mama?"

Ilikuwa rahisi sana. Ni jina moja tu. Angeinua simu, msimamizi angekuja mbio, wangenivutia kiti. Lakini jina hilo nilikuwa nimelifunga kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wakili, na nililifunga na langu ndani yake. Nikilitamka pale mapokezini, litatoka, na likitoka atakuwa ameshinda. Nilisimama mbele ya kijana yule, na watu wawili nyuma yangu wanasubiri zamu.

"Hapana," nikamwambia. "Sina uhusiano navyo."

Akatabasamu kwa huruma, akaniambia ukumbi wa chini una vitabu vingi vizuri, vya mapishi, vya bustani, vya hadithi, naweza kuchagua chochote nikakaa nikasoma mpaka saa ya kufunga. Nikamshukuru, nikashuka kwenda kusubiri basi la Comacchio.